Hofu ya Kusema Hadharani na Dawa ya Kichekesho cha Kazini: Mtazamo kutoka Swima (Fizi)

1.0 Utangulizi

Swima iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini. Wakazi wake wengi ni Wabembe, na maisha yao yamefungamana na uvuvi, kilimo na biashara ndogondogo. Apitaye sokoni atasikia watu wasioishiwa maneno: mchuuzi wa ndagala anatetea bei yake, mwenye mtumbwi anabishana na mchukuzi, na kina mama wanatupiana mizaha kutoka meza moja hadi nyingine. Lakini mtu huyo huyo akiitwa kwenye mkutano wa ofisi, akapewa kipaza sauti na kuambiwa aseme, ulimi humwia mzito. Huinamisha kichwa, huomba radhi kabla hajakosa, kisha hurudi kukaa bila ya kulitaja jambo lililomleta. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye hayuko mbali na hali hiyo. Siku ya kutetea kazi yake mbele ya walimu, yale aliyoyajadili kwa ufasaha na wenzake usiku uliotangulia huyeyuka kinywani.

Kwa nini mtu mwenye ufasaha sokoni aukose ofisini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo na kupendekeza njia moja ya kuikabili hofu hiyo, nayo ni kichekesho cha kazini. Kwa istilahi hii inakusudiwa michezo ya kuigiza inayowaweka wahusika mahali pa kazi, kama vile ofisini, mahakamani, shuleni, hospitalini au forodhani, na kuchekesha kwa kufichua pengo lililopo kati ya cheo na uwezo, au kati ya kanuni na mazoea. Dai kuu ni kwamba hofu ya kusema hadharani, kwa sehemu kubwa, ni hofu ya kuchekwa. Kichekesho hakimwondolei msemaji kicheko. Hukichukua kicheko kile kile kilichokuwa hukumu na kukigeuza kuwa mapatano.

2.0 Hofu, haya na aibu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya hali hii, na hayana maana moja. Hofu ni woga wa madhara yajayo. Aibu ni fedheha inayompata mtu lila lake linapoonekana na wengine. Haya ni adabu ya ndani inayomzuia mtu asivuke mpaka. Yote matatu yameingia kutoka Kiarabu. Kando yao lipo neno la asili ya Kibantu, soni, ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, na ambalo hubeba aibu na haya kwa pamoja.

Tofauti hizi zina uzito katika mada hii. Jamii humsifu mwenye haya na humkemea asiye nayo. Kijana anayenyamaza mbele ya wazee husemwa kuwa amelelewa vema. Msichana asiyeinua sauti mkutanoni husemwa kuwa ana heshima. Kwa hiyo anayeshindwa kusema hadharani mara nyingi hajioni kuwa na kasoro. Hujiona anatimiza wema aliofunzwa. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani kumwambia mtu huyo aache woga ni sawa na kumwambia aache adabu. Dawa inayofaa ni ile itakayomwachia haya yake na kumwondolea hofu peke yake.

Hata semi zinaonyesha jambo. Katika Kiswahili sanifu mtu huona haya au huona aibu; katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikia haya, kama anavyosikia njaa na baridi. Usemi wa kwanza unaielekeza fikra kwenye macho, nao wa pili kwenye mwili. Semi zote mbili zina ukweli kuhusu anayesimama mbele za watu. Macho ya hadhira humwelemea, na mwili hujibu kwa moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho na koo kukauka. Methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi humwongezea mzigo, kwa kuwa humkumbusha kwamba kosa la kinywa halifutiki upesi.

3.0 Lugha tatu na hofu tatu

Katika ufuko wa Fizi hofu hii ina sura ya kiisimu isiyopaswa kupuuzwa. Mtoto wa Swima hukua na Kibembe nyumbani, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la D54. Sokoni na njiani hukutana na Kiswahili. Darasani hupokewa na Kifaransa, ambacho Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kila lugha ina uwanja wake. Hofu huanza pale mtu anapolazimishwa kuhamisha jambo la uwanja mmoja na kulisemea katika uwanja mwingine. Habari ya choo kilichobomoka aijua kwa Kibembe, huijadili kwa Kiswahili, lakini mkaguzi ameketi mbele yake na hotuba za kumkaribisha zimeandikwa kwa Kifaransa.

Kiswahili chenyewe hakikumwachia mwenyeji wa Fizi utulivu kamili. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa watu wengi, wakaishi katika kambi za mkoa wa Kigoma, hasa Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Lugufu, iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009. Watoto walisoma kwa mitaala ya Kongo, lakini masikio yao yalizungukwa na Kiswahili cha Tanzania. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarejesha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Hivyo katika mkutano mmoja huweza kukaa pamoja anayesema huja kila siku na anayesema anakujaka kila siku. Wa kwanza huweza kuchekwa kwamba anajitia Utanzania. Wa pili huweza kuchekwa kwamba Kiswahili chake kimepinda.

Mwanaisimu anajua kwamba kiambishi -aka ni urithi halali wa Kibantu. Ndugu zake wanapatikana katika lugha nyingi za familia hiyo, nacho hueleza mazoea kwa utaratibu usiotetereka. Lakini ujuzi huo wa wanaisimu haujamfikia anayesimama na kipaza sauti. Yeye anajua tu kwamba kuna mtu pale nyuma atakayetabasamu. Iwapo shule ilimlea kwa kumwadhibu kila alipotumia lugha ya nyumbani, tabasamu hilo humrudisha utotoni.

4.0 Utani: kicheko chenye mapatano

Ingawa kicheko huweza kuufunga ulimi, jamii za Afrika ya Mashariki na Kati zimekuwa na taasisi ambayo ndani yake kicheko huufungua. Taasisi hiyo ni utani. Nchini Tanzania utani wa makabila umechunguzwa sana, na ule wa Wanyamwezi na Wazaramo hutajwa mara kwa mara kuwa uliimarishwa na misafara ya biashara kati ya bara na pwani. Mtani huweza kumkejeli mwenzake, kumdai kitu chake, hata kuchekesha msibani, na asiwepo wa kukasirika. Katika ufuko wa Kongo, kama kwingineko, utani wa babu na mjukuu ni wa kila siku: mjukuu humwita babu mume mwenziwe, naye babu humtishia kumnyang'anya mchumba.

Yanayofanya utani usijeruhi ni mambo matatu. Kwanza, kila upande unajua kwamba huu ni utani. Pili, anayecheka leo atachekwa kesho. Tatu, kinachochekwa ni nafasi ya mtu, yaani ubabu, ujukuu au ukabila, na hadhi yake ya ndani haiguswi. Kicheko cha mkutanoni kinamjeruhi msemaji kwa sababu hakina hata moja kati ya hayo. Hakikuombwa, hakirudishwi, na kinamlenga yeye mwenyewe. Kichekesho cha jukwaani hurejesha masharti yote matatu. Hadhira imekuja kucheka, kila mwigizaji ana zamu yake ya kuchekwa, na anayechekwa ni mhusika. Kwa maana hiyo mchezo wa kuchekesha ni utani uliopanuliwa ukaingiza watu wasiokuwa na undugu.

5.0 Kichekesho cha kazini katika Kiswahili

Mahali pa kazi pana rutuba ya pekee kwa kichekesho, kwani huko cheo huamua nani aseme na nani anyamaze. Komedia ya Mrusi Nikolai Gogol iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1836, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, imejengwa juu ya jambo hili. Maofisa wa mji mdogo wanamdhania kijana mpitaji kuwa mkaguzi kutoka makao makuu, na watu waliozoea kufoka mbele ya wadogo wao wanaanza kugugumia mbele ya mtu asiye na mamlaka yoyote. Mtazamaji hucheka, na huku akicheka hutambua kwamba kinachomtetemesha msemaji ni picha ya msikilizaji aliyoichora mwenyewe kichwani. Katika Aliyeonja Pepo (1973) ya Farouk Topan, roho ya mtu inachukuliwa kimakosa, na mbingu inaonyeshwa kama ofisi inayohangaika kulisahihisha kosa lake. Urasimu ukishachekwa mbinguni, ule wa duniani hupungua kimo.

Nchini Kenya, kipindi cha Vioja Mahakamani cha shirika la utangazaji la KBC kilidumu kwa miongo kadhaa kikitumia ukumbi mmoja tu, mahakama. Hakimu, kiongozi wa mashtaka na karani wako kazini. Mshtakiwa yuko kizimbani, mahali pagumu kuliko pote pa kusemea. Wahusika wake huongea Kiswahili chenye rangi ya lugha zao za kwanza. Watazamaji huicheka rangi hiyo, lakini mara nyingi mwenye lafudhi nzito ndiye anayewashinda wenye sheria kwa ucheshi wake. Somo kwa mwenye hofu ni bayana: lafudhi haikumzuia mtu kueleweka, wala kuchekwa hakukumzuia kushinda.

Mfano ulio karibu zaidi na Fizi unatoka Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo yake ya Kiswahili cha Katanga katika redio na televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi hilo maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Badala ya kumpa jibu la maneno tu, walitunga mchezo mzima, na hatimaye ukarekodiwa katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Kitabu chake kuhusu mchezo huo kilitoka mwaka 1990. Kwa mada hii, jambo la kuzingatia ni namna walivyofanya kazi. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walijadiliana kwanza juu ya maana, wakakubaliana mfuatano wa maonyesho, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Asiye na maandishi hana cha kusahau. Hofu kubwa ya wanafunzi, ile ya kupotewa na sentensi iliyokaririwa, haina pa kukaa katika utaratibu wa namna hii.

6.0 Jinsi dawa inavyofanya kazi

Ili kulionyesha jambo lenyewe, uchukuliwe mfano wa kubuni unaoweza kuigizwa na wanafunzi katika ua wa shule yoyote ya ufuko huo. Mahali ni ofisi ya ushuru wa soko. Mkaguzi anakuja, na Karani ameamriwa asome hotuba aliyoandikiwa na Mkuu wake. Karani anatetemeka kiasi cha kusoma kila kilichomo katika karatasi: tarehe, anwani, hata maelekezo ya pembeni. "Hapa pumzika kidogo," anasoma kwa sauti kuu. "Hapa wapige makofi." Watu wanapiga makofi. Mkuu anafuta jasho. Ghafla upepo wa ziwani unaichukua karatasi na kuipeleka majini. Kimya kinatanda. Mama wa usafi, aliyeambiwa asionekane siku hiyo, anachungulia mlangoni na kusema: "Ee baba Karani, umwambie tu ile unatuambiaka kila siku: choo ya soko imejaa." Karani anameza mate, kisha anarudia, "Choo imejaa, mheshimiwa." Kwa mara ya kwanza tangu afike, mkaguzi anatoa kalamu na kuandika.

Kichekesho hiki kifupi kina mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, sentensi iliyofanya kazi ndiyo ile ambayo mwalimu wa sarufi sanifu angeipigia mstari mwekundu. Pili, mwanafunzi aliyeigiza kubabaika kwa Karani amekwisha kutenda kwa makusudi kila alichokuwa akikiogopa: ametetemeka, amekosea na amechekwa, na bado yu hai. Mwaka 1958 tabibu wa akili Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza kwamba woga hudhoofika iwapo mtu atakikaribia hatua kwa hatua kile anachokiogopa, huku akiwa katika hali ya mwili isiyopatana na woga. Yeye alitumia zaidi kuilegeza misuli. Kicheko cha pamoja chaweza kushika nafasi hiyo, kwani ni vigumu mtu kucheka kwa dhati na kutetemeka kwa hofu kwa wakati mmoja.

Utaratibu unaopendekezwa kwa walimu una hatua tano. Kwanza, darasa lipatane waziwazi kwamba kila mmoja atachekesha na kila mmoja atachekwa, mwalimu akiwamo. Pili, kazi ianze kwa sauti za pamoja, kama vile umati wa soko au wafanyakazi wanaosubiri mshahara, ili aliye na haya ajifiche ndani ya kundi huku akiizoea sauti yake. Tatu, vyeo vigeuzwe: mkimya awe mkurugenzi, na mwenye maneno mengi awe bawabu. Nne, makosa yaigizwe kwa makusudi, pamoja na kuchanganya lugha, ili yapoteze sumu yake. Tano, na hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi, mwigizaji avue vazi la mhusika, asimame mahali pale pale na aliseme jambo lile lile kwa jina lake mwenyewe. Bila ya hatua hiyo ujasiri hubaki kuwa mali ya Karani wa mchezoni, na mwanafunzi huondoka mikono mitupu.

Kwamba watu wa kawaida waweza kufanya haya bila ya mafunzo marefu si ndoto. Mradi wa sanaa za maonyesho uliofanyika Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1982 na 1983, ambao Penina Mlama ni miongoni mwa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioushughulikia, ulijengwa juu ya imani kwamba wanakijiji wenyewe huchunguza matatizo yao, huyatungia michezo na kuyajadili hadharani. Mjadala wa baada ya mchezo ulikuwa na uzito sawa na mchezo wenyewe, na hapo ndipo mwigizaji anapogeuka kuwa raia anayesema.

7.0 Mipaka ya kichekesho

Ingekuwa kosa kudai kwamba kila ukimya hutibiwa kwa kicheko. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliketi Baraka kusikiliza kesi ya wanajeshi walioshtakiwa kwa ubakaji uliofanyika Fizi tarehe 1 Januari mwaka huo. Makumi ya wanawake walijitokeza kutoa ushahidi, na afisa aliyewaongoza wanajeshi hao alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hofu ya mashahidi wale haikuwa ya kuchekwa, na hakuna mchezo wa kuigiza unaopaswa kujipa sifa ya ujasiri wao. Mtu anayenyamaza kwa sababu akisema atadhurika hana ugonjwa wa haya. Ana tahadhari, na anachohitaji ni ulinzi. Mwalimu au mwongozaji wa mchezo anapaswa kuzitofautisha hofu hizi mbili kabla ya kumsukuma mtu mbele.

Hata hivyo kesi ile inakumbusha kwa nini suala hili si la mapambo ya usemaji. Haki, maji, barabara na ushuru huamuliwa katika vikao. Anayenyamaza kikaoni huamuliwa na wengine, hata kama sokoni hana mpinzani. Zaidi ya hayo, kichekesho nacho chaweza kudhuru kikiuvunja mkataba wake. Iwapo kila siku anayechekwa ni mwanamke, mwanakijiji au mwenye lafudhi fulani, na mwenye cheo hachekwi kamwe, hapo utani umekwisha na dharau imeanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hofu ya kusema hadharani katika ufuko wa Fizi ina mizizi katika malezi ya haya, katika mgawanyo wa lugha tatu, na katika kicheko kisicho na mapatano. Kichekesho cha kazini huikabili mizizi hiyo kwa njia ambayo jamii tayari inaijua, yaani utani, bila ya kumtaka mtu aiache adabu yake. Idara za Kiswahili za vyuo vya mashariki ya Kongo hazihitaji vyombo vya gharama ili kuanza. Zinahitaji ua, meza moja, karatasi itakayopeperushwa na upepo, na mwalimu aliye tayari kuwa wa kwanza kuchekwa. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na pengine ndilo litakalopima iwapo somo la ufasaha limeanza kweli.